Mabeki Waliofungwa Kamba

Ninyi mliobaki na funguo za stoo ya michezo mliniomba niandike niliyoyapitia kazini, mkasema hata kurasa mbili zitatosha. Nimestaafu juzi tu na mikono bado haijazoea kukaa bure, kwa hiyo naandika. Sitaeleza nilipanda cheo lini wala nani alikuwa mkuu wa chuo wakati gani. Hayo yamo kwenye mafaili, na mafaili yana subira kuliko wasomaji. Nitaeleza uwanja, aliyenifundisha kazi, na kundi moja la mabeki lililonitesa kuliko darasa lolote, ambalo hadi leo namshukuru Mungu kwamba lilipita mikononi mwangu.

Mimi ni mtoto wa Njinjo, wazazi wangu wakulima, na kilichonitoa kijijini ni netiboli. Nilicheza ulinzi, nafasi ambayo watazamaji hawajui kama ipo mpaka uikosee. Nilipopangiwa chuo chetu cha ualimu hapa Lindi, siku ya kuripoti nilivaa viatu vya kisigino, maana nilidhani mkufunzi huanzia ofisini. Mkuu wa chuo alinipokea vizuri. Akaniambia netiboli ni yangu, na mpira wa miguu wa wanaume nao utakuwa wangu muda si mrefu, kwa sababu anayeufundisha anakaribia kustaafu na magoti yake yamemtangulia. Nikacheka nikidhani ananitania. Hakuwa anatania. Wakufunzi wengine wote walikuwa wameshaukwepa mzigo huo.

Mwenye magoti hayo alikuwa Mzee Chitanda, Mmwera mrefu, mpole, aliyefundisha huku amekaa kwenye kiti cha chuma pembeni mwa uwanja. Alivitazama viatu vyangu, akaingia stoo na kunitolea kandambili. Kisha tukaenda kupiga mistari. Chokaa ilikuwa haba, tukatumia majivu ya jikoni kwa wanachuo. Majivu lazima yachekechwe kwanza, kwa sababu kipande cha mkaa kikibaki huchafua soksi, na wanachuo hulalamikia soksi kuliko kufungwa. Mistari ipigwe jioni upepo wa baharini ukishatulia. Mkipiga saa sita mchana mtaikuta kwenye madirisha ya bweni.

Alinifundisha kushona mpira kwa uzi uliopakwa nta, na kuupuliza kidogo kidogo huku ukiusikiliza. Alinifundisha kwamba barafu nzuri ya kifundo kilichoteguka inapatikana kwa wauza samaki, mapema, kabla hawajaipanga kwenye matenga. Mchezaji atanuka kibua, lakini uvimbe utashuka. Na msimu wa korosho ukifika, nusu ya timu itaomba ruhusa kwenda kuwasaidia wazazi mashambani. Msigombane nao. Wapeni ruhusa, waambieni warudi na mabibo.

Ila somo kubwa alinipa kwenye mazoezi ya jioni ya kwanza. Aliniuliza nimeona nini. Nikamtajia pasi moja ndefu na shuti lililogonga mwamba.

“Hayo kayaona kila mtu, binti,” akasema. “Mtazame ambaye hana mpira. Mtu hupoteza mpira kabla hajapewa.”

Baadaye alistaafu, akahamia nyumbani kwake Mitwero, karibu tu na chuo. Timu ikawa yangu. Miaka ya mwanzo tulishinda na kufungwa kama watu wengine. Wapo wanachuo waliogoma kufundishwa mpira na mwanamke, nikawaacha wagome, na wakichoka kukaa chini ya jua wanarudi. Hayo nayaruka, kwa sababu nataka kufika mwaka aliokuja Faraji.

Faraji alitoka Kinjumbi, kijana mwembamba, mcheshi, kiungo. Alikuwa anautuliza mpira kama mtu anayelaza mtoto aliyesinzia. Timu nzima ilicheza kupitia kwake. Kipa alimpa beki, beki akampa Faraji, na Faraji akajua la kufanya. Nyuma yake walisimama mabeki wanne, na kiongozi wao alikuwa Deo. Huyu alitoka milima ya Matumbi, wazazi wake wakulima na watu wa kanisa, mwili wake umejaa mlango, maneno yake unayahesabu. Mimi naye, Wamatumbi wote, tulikuwa tunazungumza Kimatumbi pale wengine wasipokuwepo, na hata kwa Kimatumbi hakuwa msemaji.

Kwenye mashindano ya vyuo ya kanda tulipangwa na chuo kimoja kutoka bara. Sitakitaja, hawakutukosea chochote, walitushinda tu. Walikuwa na washambuliaji watatu ambao hawakusubiri kuletewa mpira. Waliufuata kwetu. Siku hizi mnaita kukabia juu na mnachora mishale ubaoni. Sisi wakati ule tuliita kukosa adabu.

Kipa alimpa Deo mpira wa kwanza. Deo akainua kichwa, tayari mmoja yuko kifuani kwake. Akausukuma haraka kwa Faraji, na Faraji akaupokea huku wawili wamemwegemea mgongoni. Mpira ukapotea, wakafunga. Tukaanza tena, ikawa vilevile. Beki wa kulia akaanza kubutua popote, mipira ikiishia kwenye mikorosho, lakini ikirudi inarudi na watu walewale. Niliwatazama wasio na mpira kama nilivyofundishwa, na nilichokiona ni wanaume wanne wamesimama kila mmoja na hofu yake, hakuna anayemwambia mwenzake kitu. Uwanja ulikuwa kimya upande wetu. Wapinzani ndio waliokuwa wanaitana.

Mapumziko tulikuwa nyuma kwa mabao matatu. Deo akanijia kabla hajanywa maji.

“Madam, nitoe,” akaniambia. “Kila nikimpa Faraji mpira, ni kama namtupia watu.”

Kwenye benchi sikuwa na beki mwingine wa kati. Nikamweleza hivyo, akarudi uwanjani bila kubisha. Kipindi cha pili hakijaenda mbali, Deo alimpa Faraji pasi nyingine, na mshambuliaji wao mmoja akaja kutoka nyuma kwa kasi yake yote. Aliupata mpira, na kifundo cha Faraji nacho akakipata. Mwamuzi aliuona mpira tu. Tulimtoa Faraji amebebwa, akiwa amejifunika uso na jezi. Tukafungwa matano.

Hospitali walituambia mfupa haukuvunjika, lakini kifundo kimeteguka vibaya, na daktari hakutaka kuahidi kama kijana atacheza tena mpira wa nguvu. Nilirudi chuoni na habari hiyo, nikakuta nyingine. Wanachuo walikuwa wameshampa Deo jina. Walimwita Geti, kwa sababu, walisema, liko wazi mchana kutwa. Ukipita bwalo la chakula unasikia mtu anaigiza mlio wa bawaba na wengine wanacheka.

Deo akaacha kuja mazoezini. Baada ya muda alinifuata ofisini, akafunga mlango, akanieleza kwa Kimatumbi kwamba anafikiria kuacha chuo. Mpira ulikuwa sehemu tu. Alikuwa kwenye mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya msingi hapo mjini, na wanafunzi wakianza kelele, alisema, anapata hali ileile ya uwanjani. Anaona wote wanamjia kwa pamoja na ulimi unakwama. Mwalimu asiyeweza kusimama mbele ya watoto atakuwa mwalimu wa nini? Baba yake alikuwa na shamba, angerudi kulima. Nilimwomba asiandike barua yoyote kwanza. Nilitaka tu muda.

Siku chache baadaye mama yake Faraji alifika kutoka Kinjumbi, na kapu la ng'onda, wale samaki wakavu, kwa ajili ya mwanawe. Nilimpeleka bwenini. Tukamkuta Faraji barazani, mguu umewekwa juu ya ndoo iliyopinduliwa, na Deo pembeni yake na ndoo nyingine imejaa maji. Hapo ndipo nilipojua kwamba tangu tutoke hospitali Deo ndiye aliyekuwa anamchotea mwenzake maji ya kuoga kila asubuhi, na hakuna aliyemtuma.

Mama alitusalimia wote, akamwuliza mwanawe hali, akakagua mguu. Kisha akanigeukia, kwa sauti ya utulivu.

“Mwalimu, mimi mpira siujui. Naambiwa mnacheza watu kumi na mmoja. Sasa hao wenzake walikuwa wapi?”

Nilianza kumweleza habari za kasi ya wapinzani. Deo akanikatiza, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

“Mimi nilikuwa nyuma yake, mama. Nilimwona yule anakuja. Sikusema kitu.”

Faraji akataka kumtetea, mama akamzuia kwa mkono. Alimtazama Deo, kisha akaitazama ile ndoo.

“Wewe ndiye unayemchotea maji?”

Deo akaitikia kwa kichwa.

“Basi siku nyingine useme, mwanangu,” akasema, akafungua kapu na kumpa fungu la ng'onda lililo sawasawa na la mwanawe.

Jioni hiyohiyo nilikwenda Mitwero kwa Mzee Chitanda. Alikuwa ameshasikia habari zote, maana huko habari za kufungwa zinafika kabla ya timu. Nikamweleza kuhusu mabeki, kasi ya wapinzani na ule ukimya. Akaniuliza mimi nilikuwa ninafanya nini nikicheza netiboli, mtu akija kwa nguvu. Nikamwambia kwanza ninaongea. Tulikuwa tunaongea mchezo mzima, tunaambiana nani yuko wapi, kwa sababu ukishika mpira huruhusiwi kutembea nao wala kukaa nao, na usipojua mapema utampa nani umekwisha. Akanitazama kama mtu anayengoja chai ipoe. Nikaelewa, nikaaga.

Nikawaita mabeki wanne, Deo akiwemo, nikawaambia kwa muda hatutagusa mpira kwa miguu. Niliwapeleka uwanja wa netiboli, nikawapanga dhidi ya wasichana wangu. Walicheka, na wasichana wakacheka pia, kisha wasichana wakaendelea kucheka peke yao. Wanaume walikuwa wanadaka mpira ndiyo wanaanza kutafuta wa kumpa, na wakimwona ameshazibwa. Wasichana walikuwa wameshageuza shingo na kutazama kabla mpira haujaondoka mkononi mwa mwingine. Hicho ndicho nilichotaka wakione, na nilitaka wakione kwa kushindwa, kwa sababu kwa maelezo kisingeingia.

Halafu tukarudi uwanjani na kamba ya katani. Niliwafunga wote wanne kiunoni, hatua chache kati ya mmoja na mwingine, nikawaambia watembee pamoja, mbele, nyuma, kushoto, kulia, mpira unapokwenda. Mmoja akichelewa, wote wanaanguka. Walianguka sana. Wanachuo walikuja kukaa kwenye nyasi kutazama kama sinema. Nikachagua wakimbiaji watatu wa riadha, vijana wa mbio fupi wasiojua mpira hata kidogo, kazi yao ikawa moja tu, kuwafukuza mabeki bila huruma. Wakimbiaji hawa niliwapenda kwa sababu hawakuwa na hila. Walikuja tu.

Nikawapa mabeki maneno mawili. La kwanza “Mtu!”, maana yake kuna mtu mgongoni kwako, usigeuke. La pili “Geuka!”, maana yake una nafasi. Mengine yote niliyapiga marufuku. Mkiwa na maneno kumi, kijana akifika kwenye la nne ameshanyang'anywa.

Mzee Chitanda alikubali kuja. Nilimtuma kijana wa bodaboda akamlete, nikamtolea kile kiti chake cha chuma. Faraji naye alikaa jirani yake, mguu juu ya ndoo, na wawili hao wakawa wanatoa maoni ambayo sikuyaomba. Deo alianza kusema, lakini kwa sauti ya mtu aliye msibani. Mzee akaniambia huyu wa nyumbani kwenu anaongea na kiatu chake. Nilimsogeza Deo nyuma hatua moja kutoka kwa wenzake, nikampa yeye peke yake kazi ya kuita, ili asiposema wasisikie chochote na wote waanguke. Alianguka nao mara kadhaa. Kisha jioni moja, mkimbiaji mmoja akiwa anamfuata beki wa kushoto, Deo alitoa “Mtu!” iliyowafanya kunguru waondoke kwenye mikorosho. Hakuna aliyecheka. Beki akaurudisha mpira kwa kipa bila kugeuka, na mkimbiaji akapita bila kitu.

Kuanzia hapo nilikuwa nasikia kazi ikiendelea hata nikiwa ofisini nimewapa mgongo. Na kutoka kwenye ile shule ya msingi nilipata malalamiko ambayo sijapata kuyafurahia mengine kama hayo. Mwalimu wa darasa la jirani aliomba mwanachuo wetu apunguze sauti, watoto wake wanajifunza hesabu za Deo badala ya zake. Nikamweleza Deo. Alicheka hadi akakaa chini. Suala la kurudi shambani halikutajwa tena.

Faraji alianza kutembea, kisha kukimbia taratibu. Daktari alimruhusu kwa masharti, nami nikaongeza yangu. Mashindano yaliyofuata yaliletwa Lindi, kwenye uwanja wetu wenyewe, na tukapangwa tena na walewale wa bara, na washambuliaji wao walewale watatu. Usiku wa kuamkia mechi sikula vizuri. Nilikuwa na haki ya kumwacha Faraji benchi, lakini asubuhi alinijia amevaa, akaniambia hana wasiwasi, kwa sababu siku hizi anajua kinachokuja nyuma yake.

Walitufunga mapema. Mpira wa kona, kichwa, bao, na watazamaji hawajapata hata pa kukaa. Mtu mmoja nyuma yangu akasema Geti limefunguliwa. Niliwatazama mabeki, nikaona Deo anawakusanya wenzake kwa mikono, anawaambia kitu kifupi, wanarudi kwenye nafasi. Wapinzani wakaja tena vilevile, watatu, kwa kasi. Safari hii nyuma kwetu kulikuwa na kelele. Mtu, mtu, geuka, mtu. Mipira ilirudi kwa kipa, ikatoka upande wa pili, ikarudi tena, na wale watatu wakawa wanakimbia kwenda na kurudi juani. Lindi ina jua la kutosha kwa kila mgeni.

Kipindi cha pili walianza kushika viuno. Deo alipewa mpira, mmoja akamfuata. Badala ya kuutupa, aliungoja. Alimwacha mtu yule asogee mpaka nikafumba macho. Nilipofumbua, mpira ulikuwa unatembea pembeni yake kwenda kwa Faraji, na ile sauti imeshatangulia, “Geuka!” Faraji akageuka bila kutazama, mbele yake pako wazi, akampa winga, winga akafunga.

Muda uliobaki ulikuwa mrefu kuliko mwaka. Karibu na mwisho, Faraji alikuwa anangoja pasi katikati, na yuleyule mshambuliaji wa mwaka uliopita akaja kutoka nyuma. Deo alikuwa mbali, lakini sauti yake ikafika. “Mtu!” Faraji hakuupokea mpira. Aliruka, akauacha upite, na jamaa akateleza chini yake kwenye nyasi tupu. Faraji alishuka kwa miguu yote miwili, akasimama. Mzee Chitanda, aliyekuwa pembeni mwa uwanja, aliinuka kwenye kiti chake, na magoti yake yale, akakaa tena.

Ilikuwa sare. Wapinzani walikuwa na pointi nyingi kuliko sisi, wakaendelea, na kombe wakalichukua wao. Kocha wao alinipa mkono na kuniuliza mabeki wale niliwapa nini. Nikamwambia ng'onda. Nilipogeuka kuwatafuta vijana wangu washangilie, nilimkuta Deo amepiga goti mbele ya Faraji, anamkandakanda kifundo kwa vidole, anauliza kama panauma, na Faraji anacheka anamwambia ainuke, watu wanatazama.

Faraji anafundisha shule ya sekondari huku kwetu pwani, na kifundo bado humsumbua akikimbia sana. Deo ni mwalimu mkuu milimani. Amenialika shuleni kwake, nami nitakwenda mvua zikikatika. Mzee Chitanda alifariki miaka michache baadaye, Mungu amrehemu. Tulimzika Mitwero, na waliobeba jeneza ni wachezaji wa zamani, wa rika mbalimbali, waliopokezana bila kuelekezana.

Miaka yangu ya mwisho tulianzisha timu ya mpira wa miguu ya wanawake, mnaijua, ndiyo mnayoifundisha sasa. Jioni yangu ya mwisho kazini hawakutaka hotuba. Walinitaka nicheze. Nikavua viatu, nikavaa jezi iliyonibana, nikasimama beki wa kati. Mshambuliaji wao, binti wa mwaka wa kwanza mwenye mbio za kutisha, aliwapita kiungo na beki wa pembeni, tukabaki yeye na mimi. Aliponiona nimesimama mbele yake na mvi zangu, akapunguza mwendo, akainamisha kichwa.

“Shikamoo, madam.”

Nikamwitikia marahaba, nikampokonya mpira.